Mwongozo Kamili wa Kutembea kwa Miguu Watamu Mwanzoni mwa Masika: Msitu, Mikoko na Ufukwe

Kuanzia mwishoni mwa Machi, upepo wa kaskazi unapolegea na mawingu kuanza kupanda kutoka baharini, wageni wengi huondoka Watamu, mji wa pwani ya Kenya, na baadhi ya hoteli hufunga milango kwa wiki kadhaa. Kwa aliyekuja kuogelea na kuota jua, kuondoka wakati huo kuna maana. Kwa anayependa kutembea kwa miguu, naona ni kinyume kabisa: wiki zinazozunguka mvua za kwanza za masika ndizo wiki ambazo pwani hii huchipua, vipepeo huongezeka, vyura huanza kuimba katika vidimbwi vya msituni, na ndege wahamao wa hori la Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, huwa wamevaa manyoya yao mazuri kabla ya kurudi kaskazini. Msimu huo una masharti yake, na asiyeyajua hujikuta amekwama kwenye matope au amezingirwa na maji ya bahari. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupanga siku mbili au tatu za kutembea katika sehemu tatu zilizo karibu na mji: msitu wa Arabuko-Sokoke, hori la Mida, na ufukwe wa Watamu, huku magofu ya Gede yakiwa akiba ya siku ya mvua.

Kanuni kuu nitakayoirudia ni hii: wakati wa masika, njia haichaguliwi kwa urefu wake wala kwa sifa zake, bali kwa rangi ya udongo na kwa saa ya maji kupwa.

Hatua ya kwanza: chagua wiki, kisha chagua siku kwa mwezi wa angani

Mvua za masika katika sehemu hii ya pwani ya Kenya kwa kawaida huanza mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, hufikia kilele Mei, kisha hupungua Juni. Machi ni mwezi wa joto kali, na anayetembea kabla mvua haijanyesha hana budi kumaliza safari kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya mvua mbili tatu za kwanza hewa hupoa kidogo na vumbi hutulia. Kwa maoni yangu, kipindi bora ni kuanzia mvua hizo za kwanza hadi karibu na mwisho wa Aprili. Mei inawezekana, lakini uwe tayari kupoteza siku nzima kwa mvua, na bahari nayo huwa imechafuka kwa upepo wa kusi.

Ukishapata wiki, tazama mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa na bamvua, yaani maji hupwa mbali sana na kujaa juu sana. Kati ya vipindi hivyo huwa na maji mafu, na tofauti ya kupwa na kujaa huwa ndogo. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, na kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukijua hayo mawili unaweza kupanga safari hata bila jedwali la maji, ingawa jedwali la bandari ya Mombasa hupatikana kwa urahisi mtandaoni na wavuvi wa Watamu watakujibu papo hapo ukiwauliza.

Mpango ninaoupendekeza ni kufika siku ya mwezi mpevu au mwandamo. Siku mbili za kwanza utumie asubuhi kwa ufukwe na msitu, kisha siku ya tatu au ya nne baada ya bamvua, ambapo maji hupwa karibu na saa saba mchana na kuanza kurudi, uende Mida alasiri. Nitaeleza sababu yake nikifika huko.

Hatua ya pili: usafiri, malipo na mwongozaji

Watamu iko takriban kilomita 105 kaskazini mwa Mombasa. Matatu za Mombasa kwenda Malindi hupita barabara kuu na kusimama Gede, na kutoka hapo tuktuk au bodaboda hukufikisha Watamu kwa mwendo wa kilomita zipatazo 6. Anayetoka Nairobi anaweza kuja kwa treni hadi Mombasa na kuunganisha kwa matatu, au kuruka hadi Malindi. Lango kuu la msitu liko kwenye kituo cha misitu cha Gede, kando ya barabara hiyo hiyo ya Mombasa na Malindi, kusini kidogo mwa njia panda ya Gede. Anayelala Watamu ataagana na dereva wa tuktuk jioni ya kuamkia safari, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri magari ni machache.

Msitu husimamiwa kwa pamoja na mashirika ya serikali, yakiwemo ya misitu na ya wanyamapori, pamoja na Makumbusho ya Taifa. Ada ya kuingia hulipwa kielektroniki, kwa hiyo uwe na salio la M-Pesa na simu yenye chaji. Viwango hubadilika na hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni kutoka nje. Ulizia siku moja kabla.

Mwongozaji si anasa. Msitu huu una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio msitu mkubwa zaidi uliobaki wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake mna tembo, na vijia vingi vinafanana. Waongozaji wa Arabuko-Sokoke wana chama chao, na wengi wamezaliwa katika vijiji vinavyouzunguka msitu. Mwambie mapema unachotaka kuona na umbali unaoweza kutembea, mkubaliane malipo kabla ya kuondoka, na umsikilize anaposema njia fulani haipitiki leo. Neno lake kuhusu tembo ni la mwisho, wala usimshawishi alibadilishe.

Hatua ya tatu: mavazi na mzigo

Vaa suruali ndefu nyepesi na shati la mikono mirefu la rangi ya udongo au kijani, na uchomeke suruali ndani ya soksi. Siafu hutoka kwa wingi baada ya mvua na huvuka vijia kwa misafara. Kupe nao hungoja kwenye majani. Na pembezoni mwa msitu kuna upupu, ambao vinyweleo vyake vikigusa ngozi tupu hukuharibia siku nzima. Viatu vifaavyo ni vya kufunga, vyenye soli ya meno. Gambuti huonekana kama wazo zuri wakati wa mvua, lakini kwa mwendo wa saa nne huchubua visigino, na kwenye mchanga mweupe hazihitajiki. Kwa Mida na ufukweni, beba viatu vingine vya mpira vinavyoweza kulowa, kwa sababu miamba ya matumbawe hukata nyayo.

Beba maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu kwa nusu siku, na uyabebe katika chupa ya kudumu. Tangu tarehe 5 Juni 2020, Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumiwa mara moja katika maeneo ya hifadhi, misitu na fukwe zilizohifadhiwa, na mifuko ya plastiki ilikwishapigwa marufuku nchini kote tangu Agosti 2017. Ongeza koti jepesi la mvua, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, tochi, darubini ikiwa unayo, na leso moja, ambayo ni kiti, taulo na kinga ya jua kwa wakati mmoja. Simu ifungwe ndani ya kitu kisichopitisha maji. Eneo hili lina malaria, na mbu huongezeka baada ya mvua, hivyo anayetoka bara azungumze na daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kusafiri.

Kiamsha kinywa hakina shida. Mahamri na mbaazi za nazi hupatikana mapema mjini, na mahamri ya jana yaliyofungwa vizuri huvumilia safari ya asubuhi kuliko mkate.

Hatua ya nne: asubuhi ya msituni, na jinsi ya kusoma udongo

Arabuko-Sokoke ina sura tatu, na kila sura ina udongo wake. Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu, kuna msitu wa mchanganyiko uliosimama juu ya mchanga wa kijivu, wenye miti kama mbambakofi na msandarusi. Katikati kuna ukanda wa miti ya mirihi, juu ya mchanga mweupe usio na rutuba nyingi. Hapa miti imeachana, mwanga unafika chini, na kutembea ni kwepesi. Magharibi kuna udongo mwekundu, ambapo mfunda humea kwa kusongamana hadi mtu anatembea kana kwamba yumo ndani ya ua.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua safari yako. Mchanga mweupe na wa kijivu hunywa maji upesi, na saa chache baada ya mvua kubwa kijia huwa imara tena. Udongo mwekundu hushika maji, huteleza, na hunasa magari. Kwa hiyo kama mvua imenyesha usiku, mwambie mwongozaji kwamba mtabaki kwenye msitu wa mchanganyiko na mirihi, kwa kuanzia kituo cha Gede. Kama kumekuwa kukavu kwa siku mbili au tatu, ndipo mnaweza kwenda upande wa udongo mwekundu, ambako hukaa bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa takriban sentimita 16, ambaye mbali na hapa anajulikana tu katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki nchini Tanzania. Mchana bundi huyo hulala kwenye tawi la chini ndani ya vichaka, na bila macho ya mwongozaji utampita kwa hatua mbili bila kumwona. Upande huo huo kuna mahali paitwapo Nyari, penye mwinuko unaomwezesha mtu kuutazama msitu kutoka juu, na ni pazuri wakati wa jioni kavu.

Uwe langoni saa kumi na mbili alfajiri na uanze kutembea mwanga ukishatosha kuona kijia. Saa mbili za kwanza zina thamani kuliko zote zinazofuata, na kosa la wengi ni kuzitumia kwa mwendo wa haraka. Kilomita nne hadi sita kwa asubuhi nzima zinatosha. Msitu wa pwani hauna mandhari ya kilele inayomngoja mtu mwishoni mwa njia. Uzuri wake uko katika hatua tano zinazokuzunguka, na mwendo wa haraka huufukuza.

Mfano mzuri ni sengi mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama wa ukubwa wa paka mdogo mwenye pua ndefu inayocheza, ambaye makazi yake makuu duniani ni msitu huu. Humwoni kwanza, humsikia. Simama kimya mahali penye majani makavu mengi chini, hasa siku ambayo mvua haikunyesha usiku, na utasikia mchakarisho wa vipande vifupi: hatua tatu, kimya, kufukua, kimya. Anageuza majani kwa pua na kucha akitafuta wadudu na mnyoo. Mara nyingi kurumbiza humfuata nyuma kwa karibu, akiokota wadudu anaowaibua, kwa hiyo ukimwona kurumbiza anarukaruka chini kwa subira isiyo ya kawaida, tazama mbele yake kidogo. Sengi akishtuka hupiga mkia ardhini na kutimua mbio, na ndipo kiraka cha manjano cha kiunoni kinapomeremeta. Usimfuate. Wenza hawa hulinda eneo lao mwaka mzima, na ukirudi pale pale baada ya nusu saa kuna uwezekano mzuri wa kumwona tena.

Baada ya mvua za kwanza, mwombe mwongozaji akupitishe kwenye vidimbwi vya msimu. Juu ya maji, kwenye matawi yaliyoinama, tazama mafundo meupe yanayofanana na povu la sabuni lililokauka. Ndani yake mna mayai ya chura wa mitini. Viluwiluwi vikianguliwa hudondoka majini moja kwa moja. Usiliguse povu hilo, kwa sababu ganda lake la nje ndilo linalozuia mayai yasikauke. Kuanzia Aprili huanza kufika pia mkesha mwenye madoadoa wa ardhini, ndege anayezaliana kusini zaidi na kukaa katika misitu hii hadi Oktoba.

Kuhusu tembo: alama zake ni kinyesi kibichi, matawi yaliyovunjwa karibuni yanayotoa utomvu, na nyayo zenye maji yaliyo bado na tope. Mwongozaji akiinua mkono, simama palepale, nyamaza, na urudi nyuma kwa njia mliyoijia anapokuelekeza. Usipige kelele wala usitafute picha. Kuhusu nyoka, tazama unapokanyaga, usikae juu ya gogo bila kulichunguza, na usiingize mkono kwenye shimo. Mtu akiumwa, usichanje, usinyonye wala usifunge kamba kwa nguvu. Mlaze, tuliza kiungo kilichoumwa kisitikisike, mvue pete na saa, na umpeleke hospitali mara moja. Watamu ina kituo cha nyoka cha Bio-Ken, chenye ujuzi mkubwa wa nyoka wa eneo hili, na waongozaji wanajua jinsi ya kukipata.

Hatua ya tano: alasiri ya Mida

Hori la Mida liko kati ya msitu na bahari, na linaingilika kutoka barabara kuu kupitia kijijini. Unapopita kati ya nyumba za watu, salimia. Mzee aliyeketi barazani husalimiwa kwanza, na shikamoo haijawahi kumpotezea mtu muda. Kwenye ukingo kuna daraja la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada yake huingia katika mpango wa ASSETS, unaoendeshwa na shirika la A Rocha Kenya, ambao hulipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazoishi kandokando ya msitu na hori. Ni moja ya ada ambazo mtembezi anaweza kuilipa kwa moyo mkunjufu.

Saa ndiyo kila kitu hapa. Maji yakiwa yamepwa kabisa, ndege hutawanyika mbali kwenye matope na hata darubini haisaidii sana. Maji yakijaa, huondoka kwenda kupumzika kwingine. Unachotaka ni maji yanayorudi, yaliyofika nusu, kwa sababu husukuma makundi ya ndege kuelekea ulipo. Siku ya tatu au ya nne baada ya bamvua hali hiyo hutokea kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na nusu alasiri, jua likiwa limeshuka nyuma yako upande wa msitu. Ndiyo maana nilisema uisubiri siku hiyo. Fika nusu saa mapema, kaa kibandani, na usitembeetembee.

Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili utaona jambo ambalo mgeni wa Desemba halioni. Vitwitwi wadogo wa jamii ya wale wazaliao Siberia, ambao miezi yote walikuwa wa kijivu, hubadilika kuwa wekundu wa tofali kifuani, wakila bila kupumzika ili wapate mafuta ya safari. Pamoja nao wako ndege weupe kwa weusi wenye mdomo mnene mweusi, walao kaa, ambao huvuka kwenda kuzaliana katika mashimo ya mchangani kwenye pwani za Uarabuni, Oman ikiwamo, na Pembe ya Afrika. Ukichelewa hadi Mei, wengi watakuwa wameondoka na hori litakuwa kimya.

Maji yanapokuwa bado chini, mwongozaji wa kijijini anaweza kukutembeza kati ya mikoko yenyewe na kukuonyesha jinsi ya kuitofautisha: mkoko kwa mizizi yake iliyopinda kama matao, mchu kwa vijiti vya pumzi vinavyochomoza topeni, mkandaa kwa udogo wake, na mlilana ulio mbele kabisa kuelekea maji. Vua viatu vyako vizuri hapo na uvae vile vya mpira. Tope hufika kifundoni na zaidi.

Hatua ya sita: ufukwe, kwa saa ya bamvua

Ufukwe wa Watamu uko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Unaweza kutembea kutoka ghuba zilizo karibu na mji kuelekea kusini hadi karibu na mdomo wa Mida, lakini baadhi ya sehemu zina magenge ya matumbawe ambayo maji ya kujaa hufika hadi chini yake, na mtu aliyeko kati ya magenge mawili hana pa kutokea. Siku za bamvua anza saa mbili asubuhi, maji yakiwa yanapwa, tembea ukielekea kusini, na uhakikishe umegeuza safari si baada ya saa tano. Siku za maji mafu ufukwe hauachi nafasi kubwa, heri uuache.

Usikanyage matumbawe hai wala usiokote makombe, kwani hayo yamekatazwa hifadhini. Ukiona kiota cha kasa kilichozungushiwa vijiti, pita upande wa bahari bila kukigusa. Ukimkuta kasa aliyejeruhiwa au aliyenaswa wavuni, usimrudishe majini mwenyewe. Wajulishe Local Ocean Conservation, ambao wamekuwa wakiwahudumia kasa wa Watamu tangu miaka ya 1990. Kusi likianza, mwani mwingi hutupwa ufukweni. Wengine huuona uchafu, lakini pekua ukingo wake polepole na utaona kaa wadogo na ndege wanaoutegemea kwa chakula.

Hatua ya saba: mvua ikikataa kuacha

Mvua ya masika mara nyingi hunyesha kwa nguvu usiku au alfajiri na kutulia baadaye. Ikiwa saa moja asubuhi bado inanyesha, ahirisha msitu na uende magofu ya Gede, mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Vijia vyake ni vifupi, miti mikubwa hukinga manyunyu, na kati ya kuta za jumba, misikiti na visima, kima na sengi hutembea bila hofu kubwa ya watu. Mawe ya matumbawe yaliyoota ukungu huteleza sana. Tembea katikati ya njia wala usipande juu ya kuta. Jirani yake kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wa kandokando ya msitu hufuga vipepeo na kuuza mabuu yao yaliyojifunga nje ya nchi, na hivyo kupata kipato kinachoutegemea msitu ukiwa umesimama.

Jioni ya kila siku, suuza viatu kwa maji baridi kuondoa chumvi na tope, vijaze karatasi vikauke kivulini, na ujikague kupe nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Kupe akipatikana, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute polepole bila kumpinda. Kisha, kumbukumbu zikiwa bado mbichi, andika ndege uliowaona pamoja na mahali na saa, na uwaingize katika ramani ya ndege wa Kenya iitwayo Kenya Bird Map, ambayo hupokea taarifa za watazamaji wa kawaida. Orodha za Aprili na Mei kutoka Watamu zina faida ya pekee, kwa kuwa ni katika miezi hiyo ambapo watazamaji wengi hawapo.